Nyumba ya Mayaro kwa Bei ya Ijumaa Kuu

Bi Dularie alinitajia bei mara mbili, maana mara ya kwanza nilikaa kimya akadhani simu imekatika. Haikuwa imekatika. Nilikuwa sijaamini. Nyumba yake ya Mayaro, ya mbao, inayotazamana na bahari, haishikiki wikiendi ya Pasaka. Watu wa Port of Spain huanza kuigombania tangu Krismasi. Lakini mimi sikumuuliza habari ya wikiendi. Nilimuuliza kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumamosi asubuhi, kabla wa mjini hawajafika na bia zao, nyumba ile inakaa na nani.

"Inakaa na mijusi," alisema. "Nyinyi Wakatoliki Ijumaa Kuu hamtii hata kidole baharini. Nani atanilipa aje akae barazani, ayatazame maji kama kalenda ukutani?"

Nikamwambia tuko wawili, mimi na mama, na tutakuja. Ikawa zamu yake kunitaka nirudie. Kisha akauliza, kama mtu anayetaka tu kuwa na hakika, iwapo tunajua kwamba anayeoga baharini siku hiyo hugeuka samaki. Yeye ni Mhindu, kwao hilo halipo, ila amewapangisha watu wetu miaka mingi na imani zetu anazijua kwa hasara walizomtia. Nikamjibu tunajua.

"Basi mkigeuka," akasema, "ufunguo uacheni juu ya mlango."

Ndivyo tulivyopata nyumba.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama. Mama yangu, Eudora, alizaliwa huko huko Mayaro, akakua akiogelea kama bata. Baba akamwoa, akampandisha Talparo kwenye vilima vya kakao, na tangu hapo hakuloa tena maji ya chumvi. Si kwamba ni mbali. Ukitoka Talparo jogoo wakiwika, saa tatu uko mchangani. Trinidad ni kisiwa, bahari imetuzunguka pande zote, na bado mwanamke anaweza kukaa humo zaidi ya miaka thelathini akaishia kuijua bahari kwa harufu ya gari la muuza samaki. Ndugu zake wa Mayaro waliondoka mmoja mmoja kwenda New York, nyumba yao ikauzwa, na hapakuwa tena na mlango wa kubisha.

Kilichomzuia ni jiko. Nyumba tunayoishi ni ya ukoo wa baba, na kila Ijumaa Kuu ukoo mzima huja kula samaki hapo. Baba Mkubwa Ulric, kaka yake marehemu baba, huja na mkewe Tanti Bernadine, wana wao, wakwe zao, na watoto ambao sijawahi kujua ni wa nani. Kaka yangu Lennard huja kutoka Arima na marafiki zake. Mama huanza kuloweka samaki wa chumvi tangu Jumatano, Alhamisi anakanda unga wa mikate ya msalaba, na Ijumaa kutwa yuko mbele ya moto akikaanga. Wao wanakula, wanakwenda ibada ya saa tisa, wanarudi, wanakula tena. Baba alipofariki nilidhani watapungua. Waliongezeka, wakasema wanakuja kumliwaza.

Na kila mwaka, midomo ikiwa imejaa, walimwahidi pwani. Eudora, tutakupeleka Tobago. Eudora, hoteli, kitanda chenye mito minne, chai unaletewa chumbani. Lennard aliwahi kumwonyesha picha kwenye simu, bwawa la kuogelea lililojengwa kando kabisa ya bahari, na mama akauliza wamechimba bwawa la nini wakati bahari hiyo hapo. Walicheka mpaka Tanti akapaliwa. Wakafuta midomo, wakaondoka, na mimi na mama tukabaki na masufuria.

Jumatano ya Majivu mwaka huu mama alirudi kanisani na majivu yake kwenye paji la uso, akaketi jikoni bila kuvua kofia. Nikajua kuna jambo.

"Selma," aliniambia, "mwaka huu naoga baharini. Siyo Tobago ya maneno. Mayaro. Wewe ndiye unayekaa ukaona mambo yanavyokwenda. Nitafutie njia ya bei yetu."

Nilianza kuulizia nyumba, na kila niliyempigia alinitajia bei ya Pasaka ikanifunga mdomo. Kwa siku kadhaa nilikuwa napepeta kakao na kuwaza. Halafu nikaligeuza swali. Badala ya kutafuta nyumba isiyo na thamani, nikatafuta siku ambayo bahari yenyewe haina thamani. Ilikuwa moja tu, na ni ile ile ambayo jiko letu lina thamani kuliko siku zote. Nilipomweleza mama alizihesabu siku kwa vidole. Kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Unafuu wa bei ulimfurahisha, ndiyo. Lakini Ijumaa Kuu bila mpishi, hilo ndilo lililomwingia.

Mpango ulikuwa mnyoofu, hata padri angeupitisha. Tungefika Alhamisi, mama aoge mpaka achoke. Ijumaa tungekaa barazani kwa heshima zote, hatugusi maji. Jumamosi nyumbani.

Usafiri sikuutafuta mbali. Alhamisi Kuu Boysie, muuza samaki wetu, lazima ateremke Mayaro kabla hakujapambazuka, kwa sababu kesho yake Talparo nzima itataka samaki. Anakwenda na makasha matupu. Nilimuuliza, kati ya makasha matupu na wanawake wawili, gari lake lina ugomvi na kipi. Akasema Bi Eudora amemkaangia samaki wake kwa miaka mingi mno, atampeleka hata Venezuela, mradi tusimlaumu kwa harufu. Chakula nacho kilijipanga chenyewe, maana Ijumaa Kuu nyama haiguswi: mihogo na ndizi mbichi za shambani, kakao yetu wenyewe, unga, kipande cha samaki wa chumvi. Samaki mbichi tungewapata kule kule. Mayaro wavuvi wakikokota juya, ule wavu mrefu wa kuvutwa kutoka ufukweni, yeyote anayeshika kamba na kuvuta hapewi mkono mtupu. Mama alilikumbuka hilo tangu utotoni na alilisema kama mtu anayetaja akiba yake benki.

Mimi pia nilikuwa na langu, ingawa sikulisema. Tanti Bernadine alishaanza kunihimiza nijifunze kukaanga accra vizuri, yale maandazi madogo ya samaki wa chumvi, kwa kuwa mikono ya mama imeanza kutetemeka. Aliyasema kwa upole, akinishika bega. Nilielewa jiko lile limeshanipima.

Nilitaka tuondoke kimya kimya. Mama akakataa, alisema yeye si mwizi. Jumapili ya Matawi, baada ya misa, alimfuata Baba Mkubwa Ulric pale uani pa kanisa, matawi bado yako mikononi mwa watu, akamwambia Ijumaa hatakuwepo. Baba Mkubwa ndiye anayebeba msalaba wa mbele Ijumaa Kuu, amezoea kusikilizwa. Kwanza alicheka. Kisha akauliza watu wote wale watakula nini.

"Watakula watakachopika, shemeji," mama alisema. "Jiko nalifunga. Ufunguo naondoka nao."

Watu waliokuwa karibu wakaanza kutazama matawi yao. Baba Mkubwa akashusha sauti, na akishusha sauti ndiyo huwa mbaya zaidi. Alimkumbusha nyumba anayolala ni ya nani. Alimkumbusha marehemu. Mwisho akamkumbusha samaki: kwamba mwanamke mtu mzima, mjane, kwenda kulala ufukweni siku ya mateso ya Bwana ni kutafuta laana, na laana hiyo ina magamba na mkia. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akaagana naye vizuri, akaniambia twende. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akilipasua lile tawi lake vipande vyembamba, bila kulitazama.

Jioni ile simu zikaanza. Lennard alikuwa ameniahidi kutufuata Jumamosi kwa gari lake turudi. Sasa akapiga kusema gari limeharibika gia. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuishia hapo, akaniuliza tangu lini nimekuwa wakala wa safari, mimi niliyeishia shule ya msingi. Nikamjibu tangu mawakala waliosoma waliposhindwa kufika Tobago. Akakata. Nikamweleza mama kwamba njia ya kwenda tunayo, ya kurudi hatuna. Alikuwa anakunja shuka zake za kitandani kuzitia kwenye mfuko. Hakuinua hata kichwa. Akasema ya kurudi tutaijulia huko.

Alhamisi tulishuka kwenye gari la Boysie tukinuka kama mzigo wake wa jana, tukapita nyuma ya nyumba ya Bi Dularie, tukatokea mbele, na hapo mama akasimama.

Bahari haikuwepo. Ilikuwepo, ila imefunikwa. Mwani wa kahawia ulikuwa umeletwa na mkondo usiku ule, umejaa kutoka mchangani hadi pale mawimbi yanapovunjikia, mzito, ukipanda na kushuka kama godoro linalopumua. Unanuka mayai yaliyooza. Mtu hawezi kuoga humo. Utatumbukia hadi magotini ukwame. Bi Dularie alitoka na ufunguo wake, akatutazama tulivyotazama, akasema asitupe moyo wa uongo, safari nyingine hukaa wiki.

Nilitamani mama anilaumu. Hakunilaumu. Alivua viatu, akauliza juya linavutwa wapi siku hizi, akaenda zake. Nilimkuta mbele kidogo, mahali mwani ulipokuwa mwepesi, amejipenyeza kati ya wanaume kwenye ile kamba. Mmoja alikuwa anamwambia bibi, kamba hii si ya kuanikia nguo. Mama akamjibu avute kwanza, mdomo autumie baadaye, na akakita visigino mchangani kama mtu asiyewahi kuondoka pale. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka wakavuta. Alirudi na nguru wawili na gauni limeloa hadi kiunoni, na hayo ndiyo maji aliyoyapata siku ile.

Jua likitua tulikaa barazani tukala mmoja wa wale nguru kwa muhogo. Mama akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema hata mwani ukiondoka asubuhi, hataingia. Alisema habari ile ya samaki anaiamini. Si yote, kidogo, lakini kidogo chenyewe kiko miguuni. Mama yake alikuwa akiwafungia watoto ndani Ijumaa Kuu, akiwahadithia habari za msichana wa jirani, Isolde, aliyetoroka akaingia majini na hakuonekana tena.

"Tulimlilia Isolde," mama alisema. "Tukawa tukila samaki tunamwangalia usoni kwanza, isije ikawa ni yeye. Nimekuja kuolewa ndipo nikaambiwa yuko Caracas na mwanamume wa watu."

Nikamuuliza, sasa kama anajua Isolde yuko Caracas, anaogopa nini. Akasema kujua ni kujua na miguu ni miguu.

Ijumaa tuliamka mwani haupo. Maji makubwa ya alfajiri yalikuwa yameuzoa wote, ukabaki mstari mwembamba tu juu mchangani, na bahari imekaa kijani kama chupa mpaka upeo wa macho. Ufukwe mzima haukuwa na mtu. Mashua zimepinduliwa, nyavu zimeanikwa. Kwenye mabaraza ya nyumba nyingine watu wamevaa vizuri wamekaa, kila mmoja akiyatazama yale maji, hakuna anayesogea. Mama alichukua kiti akakiteremsha mchangani, akakiweka mbali na maji, akaketi na kikombe chake cha kakao. Alikaa asubuhi nzima. Mimi nilikuwa kando yake nasafisha yule nguru wa pili, ubao magotini, nikimwona jinsi vidole vyake vya miguu vilivyokuwa vikichimba mchanga. Sikumsukuma. Siku ilikuwa yake hata hivyo. Hakuna aliyemwita jikoni, kakao yake aliinywa ikiwa ya moto.

Karibu na saa sita magari matatu yakaingia nyuma ya nyumba.

Niliwatambua kwa milango, jinsi wanavyoibamiza. Baba Mkubwa Ulric alitangulia, suruali nyeusi na shati jeupe la kubebea msalaba, viatu vimepigwa rangi. Nyuma yake wanawe, wakwe, watoto wakilialia. Lennard alikuwa anaendesha gari la tatu. Mama aligeuza shingo tu.

"Naona gia zimefufuka," alimwambia Lennard. "Zimemtangulia hata Bwana."

Lennard akatazama viatu vyake. Aliyefika karibu kwanza alikuwa Tanti Bernadine, akitembea kwa uangalifu na bilauri mikononi. Alfajiri ya Ijumaa Kuu wanawake kwetu hupasua yai, huutia ute kwenye bilauri ya maji na kusoma umbo linalojitengeneza: kanisa ni harusi, meli ni safari, jeneza unajua mwenyewe. Tanti alisema leo amempasulia Eudora yai, na limetoka jeneza, na amelibeba magotini kutoka Talparo ili alione kwa macho yake. Mama akaipokea bilauri, akaiinua kwenye jua. Barabara ya huku ina mashimo. Humo ndani mlikuwa na utando mweupe uliovurugika.

"Hili ni yai la kukoroga," mama akasema, akamrudishia.

Mkwe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Baba Mkubwa hakuwa na nafasi ya kucheka. Alisema yote aliyokuja nayo, amesimama mbele ya kile kiti akimzibia bahari. Kwamba wamefika Talparo wakakuta mlango umefungwa na watoto hawajala tangu jana. Kwamba saa tisa lazima awe kanisani, na muda uliopo unatosha tu kama mama ataingia garini sasa hivi, apike wakiwa ibadani, wakirudi wakute chakula. Kwamba hatamsema tena, yatakwisha leo leo. Aliyasema kwa upole kiasi kwamba nikaona mama anaanza kusogeza miguu, yale mazoea ya mwili ya kuinuka ukiitwa.

Wakati huo Bi Dularie ametoka upande wa nyuma, anahesabu vichwa kwa kidole. Akatangaza kwamba hapa amepangisha watu wawili, kwa bei ya Ijumaa Kuu. Kama hawa wengine wanaingia ndani, ni bei ya Pasaka, kila mmoja. Baba Mkubwa akamjibu hakuna anayeingia, wamekuja kumchukua mpishi wao.

Alisema hivyo hivyo, mpishi wao. Sidhani alikusudia ubaya. Alikuwa anaeleza.

Mama akainuka. Tanti akamshika mkono kumwongoza kwenye magari. Mama akautoa ule mkono taratibu, kama mtu anayeondoa jani lililomwangukia, akamzunguka Baba Mkubwa, akateremka kuelekea majini. Alitembea na gauni lake la maua na kilemba kichwani, hana haraka. Tulidhani anakwenda kunawa. Maji yalipomfika vifundoni nilimwona anasimama, na nikaijua ile hofu aliyoniambia jana, kwamba iko pale pale, kwenye miguu. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida, ila upepo ulitokea baharini ukatuletea:

"Kama ni kuwa samaki, niwe wa kuuma."

Akaingia. Wimbi la kwanza likampiga kifuani, la pili akalipita chini yake, na alipoibuka kilemba kilikuwa kimekwenda na nywele zake za mvi zimemlalia usoni. Kwenye mabaraza watu walisimama. Mwanamke mmoja wa mbali akapiga magoti kabisa. Mtoto wa mkwe akauliza kwa sauti kama Bibi Eudora anaanza na mkia au anaanza na kichwa, akapigwa kofi.

Baba Mkubwa alimfuata. Naapa alimfuata kwa hasira, hatua kubwa, hadi pale mchanga unapobadilika rangi kwa unyevu. Hapo akasimama. Wimbi likaja na povu lake, akarudi nyuma. Likaondoka, akasogea. Likaja, akarudi. Alimwita Eudora, akamwamuru, akalitaja jina la marehemu baba, na kila lilipokuja wimbi alikatisha sentensi aokoe viatu. Ndipo nilipoona kitu ambacho sikukipanga katika mipango yangu yote. Katika kisiwa kizima siku hiyo palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna hata mmoja wao angeweza kumfuata, na mama alikuwa amesimama humo, maji shingoni, anapumua.

Nadhani Baba Mkubwa naye aliliona. Aligeuka. Macho yake yakapita kwa Tanti, kwa Lennard, yakaja kutua kwangu, nilipokuwa na kisu changu na yule nguru.

"Selma," alisema. "Wewe una akili, mwanangu. Mwache mama yako na wazimu wake, Mungu atamshughulikia. Chukua huyo samaki, ingia garini. Wewe ndiye utakayetupikia."

Tanti akaongeza kwamba ni vizuri nianze sasa, wakati bado ni kijana, mikono ina nguvu. Akanishika bega pale pale anaponishika siku zote.

Mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa vilimani, maji marefu niliyoyajua ni ya mto wa kufulia. Na ile habari ya samaki nimelishwa pamoja na uji, mimi na wao. Niliweka kisu juu ya ubao. Nikamwambia Tanti, kwa adabu, asinishike. Lennard alinisogelea, nikadhani ananizuia. Akanipokea tu ule ubao wa samaki ili usianguke mchangani. Nikapita mbele ya Baba Mkubwa, ambaye aliita jina langu mara moja, na kabla hajaita ya pili maji yalishanifika magotini, ya baridi kuliko nilivyodhani, yakinivuta kama yana mikono.

Wimbi likaniangusha. Nilimeza chumvi, sikujua juu ni wapi. Kisha nikashikwa kwapani.

"Hujui kuogelea," mama akasema.

"Sijui."

"Na hapo ndipo umeona pa kuanzia."

Alikuwa anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona mama akicheka na maji yakimtoka puani. Akanifundisha kusimama ubavu, magoti yakiwa yamelegea, na kuruka kidogo maji yanapopanda. Nilimshika bega kwa mikono miwili. Nilijipapasa shingo kwa siri kama kuna magamba. Aliniona, akasema na yeye ameshajipapasa.

Kule ufukweni mambo yalikuwa yanaendelea bila sisi. Watoto walikuwa wanalia njaa sasa kwa pamoja. Bi Dularie alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama, amekunja nne. Baba Mkubwa alitazama saa yake, akatazama bahari, akasema kitu kirefu ambacho upepo ulikirudisha kinywani mwake. Halafu wakaanza kwenda kwenye magari, mmoja mmoja, Tanti na bilauri yake, milango ikibamizwa. Magari mawili yakawaka. La tatu halikuwaka. Lennard alikuwa amekaa mchangani karibu na ubao wa samaki, anavua viatu, anakunja suruali, na kila baada ya muda anautazama mstari wa maji kama mtu anayepima mtaro kabla ya kuruka.

Mama akamwita, akamwambia huyo nguru hajajikata. Lennard akapaza sauti kwamba hajui kumkata. Mama akamwambia kisu kiko hapo, samaki yuko hapo, aanze na kichwa.

Nyuma ya nyumba honi ikapigwa. Fupi, kama ya kumkumbusha mtu aliyesahau kitu. Nikageuza shingo. Ikapigwa tena, ndefu, nikajua Baba Mkubwa ameulalia usukani, na kwa mazoea tu mwili wangu ukataka kwenda.

"Huku," mama akasema, akaugeuza uso wangu kwa kiganja chake kilicholowa. "Tazama mbele. Hilo linalokuja ni kubwa. Usiligeuzie mgongo."